Jasho Linatoka, Uzito Haushuki

Watu wengi huamini kwamba mtu mnene ni mtu anayekula sana na kukaa kitako. Mara nyingi kuna ukweli ndani ya maneno hayo. Lakini hebu tumfikirie mama mmoja wa kijijini. Anaamka alfajiri na kuteka maji. Anakwenda shamba na jembe begani. Jioni anatembea kwa miguu hadi darasa la kisomo. Tangu alipoambiwa kliniki apunguze uzito, ameongeza matembezi ya saa nzima kila siku. Miezi minne imepita. Mzani unasoma vile vile, tena umepanda kidogo. Wenzake wanamcheka: "Shoga, unatudanganya. Usiku unafunua vyungu." Mume wake naye ananung'unika kuwa mke amekuwa mvivu, maana siku hizi anasinzia hata mchana.

Akina mama kama huyu wapo wengi, na wanaume wapo pia. Huenda mama huyu hafunui chungu chochote. Huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wake umejificha shingoni. Una kipimo na una dawa. Lakini asiyeujua atamlaumu mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe atajilaumu mpaka achoke kabisa.

Moto wa mwili

Chakula katika mwili ni kama mkaa katika jiko. Mwili hukichoma polepole ili upate joto na nguvu. Chakula kisichochomwa hakipotei. Mwili hukiweka akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta tunayoyaona tumboni, mapajani na mikononi.

Watu hudhani kuwa moto huo huwaka wakati wa kazi tu. Sivyo. Hata ukilala usingizi, moyo unapiga, mapafu yanapumua, ubongo unafanya kazi, na damu inatunzwa iwe na joto lake. Kwa watu wengi kazi hizi za kimya kimya hutumia zaidi ya nusu ya chakula cha siku nzima. Kulima, kutembea na kutwanga hutumia sehemu iliyobaki.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walitoa taarifa juu ya Wahadzabe, watu wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wao walitembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Watafiti walipima nguvu ambayo miili yao ilitumia kwa siku nzima. Kisha waliwalinganisha na watu wa Ulaya na Marekani wanaofanya kazi za kukaa. Wengi walitazamia kuwa Wahadzabe watawazidi wale kwa mbali. Haikuwa hivyo. Watu wa mwili wa ukubwa mmoja walitumia nguvu karibu sawa. Watafiti hao hudhani kuwa mwili unaotembea sana hujifunza kubana matumizi mahali pengine, kama mama mwenye nyumba anavyobana matumizi ya unga wakati wa njaa.

Msomaji, usielewe vibaya ukaacha mazoezi. Matembezi na kazi za mikono huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu, husaidia ugonjwa wa kisukari na hufanya mifupa iwe na nguvu. Ila ukitaka kupunguza uzito kwa jasho peke yake, utachoka kabla mzani haujasogea.

Tezi iliyo shingoni

Sasa tuseme jiko lina mkaa, lakini kijimlango cha chini kimezibwa. Hewa haiingii. Moto haufi, ila unafuka tu, na mkaa hauishi. Katika mwili wa binadamu kuna kiungo kimoja kinachofungua na kufunga kijimlango hicho. Kiungo hicho ni tezi ya shingo. Madaktari huiita thairoidi.

Tezi hii iko mbele ya koo, chini kidogo ya kile kifundo kinachopanda na kushuka mtu anapomeza. Ina mabawa mawili kama kipepeo. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama gramu 20, yaani ni ndogo kuliko yai la kuku. Udogo wake usikudanganye. Kutoka hapo hutoka dawa ya mwili inayoitwa homoni. Homoni huingia katika damu na kusafiri mpaka kila pembe ya mwili, ikiamrisha: chochea moto, au punguza moto. Ili itengeneze homoni hiyo, tezi huhitaji madini joto, ambayo huiokota katika damu kutoka kwenye chakula na chumvi.

Tezi ya shingo nayo ina msimamizi wake. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, kubwa kama punje ya njegere. Kazi yake mojawapo ni kupima homoni ya shingo iliyomo katika damu. Ikiona imepungua, hutuma tarishi. Ikiona bado, hutuma matarishi wengi zaidi. Tukumbuke habari hii ya matarishi, kwa sababu ndiyo inayotusaidia kuujua ugonjwa.

Tezi inapolegea, kila kazi mwilini hupungua kasi. Moyo hupiga polepole. Tumbo husaga polepole, na choo huwa kigumu. Mgonjwa huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea. Ngozi hukauka hata akipaka mafuta. Nywele hukatika, na nyusi hupungua upande wa nje. Uso huvimba, hasa chini ya macho. Sauti huwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Mwanamke hutokwa na damu nyingi wakati wa hedhi, au siku zake huvurugika, na pengine hukaa miaka bila kushika mimba. Juu ya yote kuna uchovu. Sio uchovu wa shamba unaokwisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Mtu anaamka nao.

Ishara hizi hazitokei zote kwa mtu mmoja, wala haziji kwa siku moja. Huja kidogo kidogo, kwa miezi au miaka. Ndiyo maana watu huzipa majina mengine. Mmoja husema ni uzee. Mwingine husema ni upungufu wa damu, na kwa kweli upungufu wa damu huchosha pia. Mwingine husema mama huyu amerogwa, na mbuzi anauzwa ili mganga alipwe. Tezi inaendelea kulegea.

Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huongezeka kadiri umri unavyosogea. Wengine huanza kuugua katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Sababu moja kubwa ni kwamba askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, hukosea na kuishambulia tezi yao wenyewe. Daktari mmoja wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sababu nyingine ni ukosefu wa madini joto, na nyingine ni kufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi.

Wengi watauliza juu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Rovu ni tezi iliyokua. Lakini mtu anaweza kuwa na rovu na tezi yake ikafanya kazi sawasawa. Na mwingine anaweza kuwa na shingo nyembamba kabisa huku tezi yake imelegea. Kwa hiyo kuitazama shingo hakutoshi.

Sindano ya tezi ya kondoo

Kazi ya tezi hii haikujulikana mapema. Daktari Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, alikuwa fundi mkubwa wa kupasua rovu. Mwaka 1883 alieleza habari ya kusikitisha. Wagonjwa wake wengi ambao aliwaondolea tezi yote walikuwa wamevimba, wamekuwa wazito na akili zao zimepooza. Hapo ndipo madaktari walipoanza kuelewa kuwa kipande kile cha nyama kina kazi kubwa. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Mwaka 1891 daktari mwingine, George Murray, katika mji wa Newcastle, Uingereza, alichukua tezi ya kondoo, akakamua maji yake na kumdunga mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 46. Mama huyo alikuwa amevimba na kulegea kwa ugonjwa huu. Alipata nafuu. Baadaye aliacha sindano na kuinywa dawa hiyo kwa mdomo. Aliishi miaka 28 zaidi, mpaka mwaka 1919. Murray alihesabu kuwa kwa miaka hiyo yote zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Mfugaji atajua hilo ni kundi la namna gani. Siku hizi hatuhitaji kondoo. Homoni hiyo hutengenezwa kiwandani, na huja katika kidonge kidogo kinachoitwa levothairoksini.

Kupimwa

Hakuna mtu anayeweza kuujua ugonjwa huu kwa kumtazama mgonjwa tu, hata awe daktari mwenye mvi. Damu ndiyo inayosema. Maabara hupima wale matarishi tuliowataja. Wakiwa wengi kupita kiasi, maana yake msimamizi anapiga kelele na tezi haisikii. Basi tezi imelegea. Kwa kawaida hupimwa pia homoni yenyewe ya shingo.

Zahanati nyingi hazina mashine ya kipimo hiki. Mgonjwa hupewa barua ya kwenda hospitali kubwa, ya wilaya au ya mkoa. Nauli ni tatizo, tunajua. Ndiyo maana ni vizuri kumweleza mganga wa zahanati ishara zote, bila kuona haya. Ukisema tu "nimenenepa", atakuambia ule kidogo, na atakuwa na haki. Ukisema "nimenenepa, nasikia baridi, choo ni kigumu, nywele zinakatika na hedhi imezidi", atafikiri mara mbili. Sasa unajua kuandika. Ziandike ishara zako kwenye karatasi pamoja na mwezi zilipoanza, uende nayo.

Mweleze pia dawa unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Vidonge vya predinisoloni, vinavyotolewa kwa pumu na maradhi mengine, hufanya hivyo pia vikitumiwa kwa muda mrefu. Usiviache kwa shauri lako mwenyewe. Kuviacha ghafla ni hatari. Tena upo ugonjwa mwingine wa homoni, wa vifuko vya mayai vya mwanamke. Mwenye ugonjwa huo hedhi zake huwa chache, huota ndevu au chunusi, na mara nyingi hunenepa. Huo matibabu yake ni mengine, lakini mlango wa kuingilia ni ule ule: kueleza na kupimwa.

Kidonge na masharti yake

Kidonge cha tezi humezwa kila siku, asubuhi, kabla ya kula, kwa maji matupu. Subiri nusu saa au saa moja ndipo unywe chai. Chakula na chai huzuia dawa isiingie mwilini vizuri. Vidonge vya kuongeza damu huizuia zaidi. Kama unavitumia, vimeze baada ya saa nne kupita. Wapo wagonjwa wanaomeza vyote kwa pamoja alfajiri, halafu wanashangaa kwa nini hawapati nafuu.

Dawa hii haifanyi kazi kama dawa ya malaria. Hutaamka siku ya tatu ukiwa mzima. Baada ya wiki 6 hadi 8 damu hupimwa tena, na daktari huongeza au hupunguza kiasi. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishwa kwa kiasi kidogo sana. Na wengi huimeza maisha yao yote. Anayeiacha kwa sababu amejisikia nafuu hurudi kule kule alikotoka, polepole, bila kujua.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Wako watu wasio na ugonjwa huu wanaotafuta kidonge hiki ili wapungue unene. Ni kuchezea moyo. Homoni ikizidi, moyo huenda mbio au hupiga bila mpango, mikono hutetemeka, usingizi hupotea na mifupa hudhoofika. Dawa hii ni ya mwenye upungufu tu. Hata zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa minadani, nyingi ni dawa za kuharisha. Mtu huharisha maji, mzani hushuka siku mbili, kisha anakunywa maji na uzito wote unarudi. Mafuta hayakuguswa.

Je, uzito utashuka?

Utashuka, lakini pengine si kama unavyotumaini. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 5 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni maji na chumvi iliyokwama mwilini. Mgonjwa aliyezidiwa sana huweza kuongezeka zaidi. Tezi ikitibiwa, uzito huo huondoka katika miezi ya mwanzo. Mama aliyeongezeka kilo 20 asitegemee kuwa kidonge kitaziondoa zote. Afadhali aambiwe mapema, kuliko kuacha dawa kwa hasira baada ya miezi sita.

Faida kubwa iko mahali pengine. Anapata nguvu. Jiko limefunguliwa kijimlango. Matembezi yake sasa hayamwangushi kitandani, na akipunguza chakula, mwili hauzuii tena kama zamani. Hapo ndipo sahani inapohesabika.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori, kama vile mahindi yanavyopimwa kwa kilo. Kijiko kidogo cha sukari, kisichojazwa mlima, kina kalori kama 16. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekunywa karibu kalori 200. Matembezi ya saa nzima hutumia kalori kama 200 au 300. Kwa hiyo chai imekula karibu matembezi yote. Mafuta ya kupikia ndiyo mazito kuliko vyote: kijiko kimoja cha kulia kina kalori kama 120. Anayemimina mafuta kutoka kwenye dumu bila kipimo hawezi kujua amemimina vijiko vingapi. Apime kwa kijiko wiki moja tu, ataona.

Hatusemi mtu ajinyime njaa. Apunguze sukari na mafuta, apunguze kidogo bonge la ugali au wali, aongeze mchicha, matembele na maharage yanayoshibisha. Akishuka nusu kilo kwa wiki, hiyo ni kazi nzuri. Wiki nyingine hatashuka. Na watu wa nyumbani nao wapike chungu kimoja na mgonjwa, wasimwekee chakula chake pembeni kama mkosaji.

Chumvi ya nyumbani

Katika nyanda za juu za kusini, mvua za miaka mingi zimeyaosha madini joto kutoka katika udongo. Mazao yanayoota huko huyakosa, na tezi hukosa kitu cha kutengenezea homoni. Zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida. Katika wilaya 16 zilizokuwa na hali mbaya, watoto wa shule 61 katika kila 100 walikuwa na rovu katika miaka ya 1980. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 ikaanza kuagiza kwa sheria kwamba chumvi iwekwe madini hayo. Watoto walipopimwa tena mwaka 2004, katika wilaya hizo waliokuwa na rovu walikuwa 12 hivi katika kila 100.

Mtu mzima huhitaji kiasi kidogo mno: kwa maisha yake yote hakijai kijiko cha chai. Lakini mwili haukiweki kwa muda mrefu, lazima kije kila siku. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Sasa unaweza kuyasoma maandishi hayo mwenyewe. Itie katika chombo chenye mfuniko, mbali na moshi, jua na unyevu, na uitie katika chakula karibu na kuiva. Usiongeze chumvi ukidhani unaongeza afya. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Muhogo mchungu ulowekwe na kuanikwa vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu sumu yake huizuia tezi kuokota madini joto. Na anayeugua kwa sababu askari wa mwili wameiharibu tezi yake hataponywa na chumvi. Yeye anahitaji kidonge.

Mama anayetumia kidonge akihisi ana mimba, asingoje tumbo lionekane. Aende kliniki wiki hiyo hiyo na kadi yake, aendelee kumeza dawa kila asubuhi. Katika miezi mitatu ya kwanza tezi ya mtoto bado haijaanza kazi vizuri, na ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Mara nyingi daktari ataongeza kiasi cha dawa mpaka mama ajifungue. Mtoto akizaliwa, mama anaweza kumnyonyesha bila hofu huku akiendelea na kidonge chake.